Kwa Muda Tu

Mjenzi wangu hana macho. Ana orodha ya milango.
Nikiandika amri hutoka na jina mkononi,
akabisha mlango wa kwanza: hodi?
Kimya. Wa pili: hodi?
Wa tatu ukiitika, safari yake imeishia hapo.
Haulizi umri wa aliyeitika,
hatazami kama kwenye mlango wa nne
yuko ndugu mwenye jina lilo hilo, kijana, mwenye nguvu zaidi.
Jina limelingana. Basi.

Hapa Tartu ni Februari, mto Emajõgi umeganda,
na programu yetu ndiyo husema barafu ina unene gani
kabla watu hawajashuka na watoto wao kuteleza.
Msimbo tuliuacha wazi, achukuaye achukue.
Jussara akauchukua, kule Porto Alegre,
ambako mto haugandi, hufurika;
unene wa barafu akaugeuza kina cha mafuriko.
Juzi akaniandikia: "Kwangu imejengeka bila kikwazo."
Kwangu mimi, mwenye nyumba, imegoma.

Saa nne usiku. Skrini inasema kuna jina lisilojulikana.
Lisilojulikana vipi? Nimelisoma mwenyewe
kwenye kichwa cha maktaba, mstari wa mia mbili na kumi.
Nikamwambia mjenzi: usiseme tu umepata,
sema umepata wapi.
Akaropoka njia nzima, mlango kwa mlango,
kurasa kwa kurasa, chai ikapoa,
na katikati ya maneno yake nikaona kioja:
kichwa amekitwaa nyumba mpya,
kiwiliwili amekitwaa nyumba ya zamani,
akashona shingo gizani. Mshono haukushika.

Nyumba ya zamani ni folda iliyowekwa kwa mkono.
Tarehe 14 Machi 2016, saa nane na dakika arobaini usiku.
Mmiliki: ulo.
Pembeni kuna faili dogo lenye neno moja na ahadi:
"Kwa muda tu. Nitaiondoa Jumatatu."

Ülo Pihlak tulimzika vuli ya 2019,
mvua ikinyesha kwa mshazari, koti lake la njano
likibaki ofisini kwenye msumari wiki tatu
kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kulishusha.
Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tulivyoambiwa.
Waliosema hawakuiona mashine hii.
Humu asiyekuwapo ndiye aitikaye wa kwanza.
Jumatatu mia kadhaa zimepita,
na bado akibishiwa anasema: karibu.

Nilifuta. Sitaki kusema uongo, nilifuta upesi,
kama mtu anayebandua plasta.
Programu ikajengeka kwa sekunde arobaini na moja.
Nikacheka peke yangu.

Saa mbili asubuhi Helve wa manispaa akapiga simu:
bango la darajani, lile la joto la maji, limezimika.
Nani aliliunda? Hakuna anayekumbuka.
Lina uhusiano gani na sisi? Hakuna anayejua.
Kumbe nalo kila alfajiri likiamka
lilikuwa likipitia mlango ule ule,
bila kumwambia mtu.

Nikarudisha kila faili mahali pake,
hata lile dogo lenye ahadi.
Kisha nikamwandikia mjenzi mstari mmoja
juu kabisa, kabla ya orodha yake ya siku zote:
anzia nyumba mpya, chukua vyote viwili humo humo,
na ukikosa, kosa kwa sauti.

Jussara akauliza kwa nini kwake haikugoma.
Nikaanza kueleza habari za njia na matoleo,
nikayafuta yote.
Nikaandika: kwako hakuwapo Ülo.

Helve akapiga tena. Bango limewaka.
Maji, nyuzi sifuri nukta mbili.
"Leo mmewahi," akasema, "kwa Jumatatu."